Chembe Zisizouliza Njia

Mama alikuwa amenona, na kijiji kizima kilifurahi. Nilishuka Merigi siku ya soko, likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni, na kabla sijamaliza kupanda kilima cha kwetu wanawake kadhaa walikuwa wamenisimamisha kunipa pongezi. "Mama yako amepona," waliniambia. "Ukimwona hutamtambua." Kwetu, upande huu wa Bomet, mtu akinona ni habari njema. Maana yake maziwa yapo, shida zimepungua, na maombi yamesikika.

Nilimkuta shambani, na hilo peke yake lilinishtua. Nilipomwacha mwanzo wa mwaka hakuweza kushika kikombe kwa mkono mmoja. Sasa alisimama katikati ya michai, kikapu mgongoni, vidole vikipita juu ya majani upesi kama zamani. Aligeuka. Mashavu yalikuwa yamefura mpaka macho yamebaki madogo, na shingo ilikuwa imejaa hadi kwenye kola ya sweta.

"Unaniangalia hivyo kwa nini?" akaniuliza. "Ulitaka unikute nimekufa ndio ufurahi?"

Nyumbani tuliongea Kipsigis, kwa hiyo maneno yake mengi hapa nimeyavusha mimi. Hasira zilizo ndani yake sikuzigusa. Zilikuwa zake, na ndizo nilizorithi. Watu wa kwetu husema mimi ni moto wa mabua, nawaka haraka. Mama alikuwa moto wa gogo.

Ugonjwa wake ulianza muda mfupi baada ya baba kufariki. Ulianzia kwenye vifundo vya vidole, mikono yote miwili sawasawa. Asubuhi vidole vilikuwa vimefunga, naye akivitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, akingoja viachie. Watu walisema ni baridi. Sisi watu wa nyanda za juu kila kinachouma tunaisingizia baridi, na kila kisichouma tunakisubiri kiume.

Kukamua ng'ombe walichukua wadogo zangu wa kike. Chai haikuwa rahisi hivyo, kwa sababu wadogo zangu walikuwa shuleni na chai haingojei Jumamosi. Kuchuma chai ni kazi ya kidole gumba na cha shahada: majani mawili na kichipukizi, unakata kwa ncha za vidole, hufinyi wala huvuti. Vidole vya mama vilikuwa haviwezi tena kukata. Vilivuta, vikaja na kijiti na jani lililokomaa. Siku moja, nikiwa bado sekondari, nilisimama naye kwenye kituo cha kununulia chai, karani akamwaga majani yake juu ya gunia, akayapekua kwa kalamu, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Mama, haya ni ya ng'ombe." Mama aliyazoa yote, akayarudisha kikapuni, akayabeba mpaka nyumbani. Karani alikuwa akifanya kazi yake, najua. Sijamsamehe mpaka leo.

Chuoni Nairobi nilisomea sayansi ya viumbe, na huko ndiko nilikojua kwamba ugonjwa wa mama haukuletwa na baridi. Wazungumzaji wa Kiswahili fasaha huuita baridi yabisi, lakini jina hilo nalo linadanganya. Damu ina chembe nyeupe, zile ambazo shule ya msingi tulifundishwa kuwa ni askari wa mwili. Kwa mama, askari wale walikuwa wamegeuka. Walikuwa wanaingia kwenye viungo vya vidole vyake na kupiga, wakiamini wanapigana na adui, na hakukuwa na adui. Nilipoelewa hivyo darasani nilikasirika, kalamu mkononi, kana kwamba kuna mtu wa kushtaki.

Kwa hiyo jioni ile ya kurudi, mama alipofungua fundo la leso jikoni na kutoa vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti, sikuhitaji kuuliza sana. Uso kama ule nilikuwa nimeuona kwenye kitabu.

"Nani alikupa?"

"Mtu wa dawa. Sokoni."

Nilimjua. Alikuwa na meza, mwavuli na mdomo mrefu, akiuza sumu ya panya, vitana na tiba ya kila kitu. Dawa yenyewe ilikuwa dawa ya kweli, ndio ubaya wake. Hospitali huitumia, kwa kipimo, kwa uangalizi. Inawanyamazisha wale askari. Lakini inapita mwili mzima: inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari, inajaza uso maji na mafuta ambayo jirani anadhani ni afya.

"Mama, twende hospitali."

"Hospitali nilienda. Walinipa vya maumivu, wakaniambia nipumzike." Akameza vidonge vyake na chai ya maziwa. "Chai inapumzika?"

Nilipaza sauti. Naye akapaza yake. Tukalala bila kusalimiana, kila mmoja akigonga sufuria kwa zamu ili mwenzake ajue bado amekasirika.

Kesho yake nilifuata kikundi chao shambani. Wanawake wa kwetu huchumiana kwa zamu: leo wote wanaingia kwa huyu, kesho wote wanaingia kwa yule, na hakuna anayelipwa isipokuwa kwa mgongo wa mwenzake. Kikundi kina sheria moja isiyoandikwa. Anachokuja nacho mmoja, kinaliwa na wote. Ukija na mahindi ya kuchemsha, ni ya wote. Ukija na maziwa ya kibuyu, kikombe kinazunguka mpaka kinaisha. Kiongozi wao alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mama mrefu mwenye kicheko kikubwa. Aliponiona aliacha kuchuma, akanifungulia mikono, na nikaona mashavu yake. Yalikuwa yamejaa kama ya mama. Nikaangalia mwingine. Na mwingine.

"Mama," nilisema polepole, "unagawa dawa?"

"Yeye ana magoti. Huyu ana mgongo." Hata hakuacha kuchuma. "Tunachuma pamoja, halafu tule kando kando?"

Wanawake wakacheka. Walinicheka mimi, kwa upendo, wakaniita daktari wa Nairobi. Jirani akasema msomi ameanza kuona wivu kwa sababu amekonda. Sikucheka. Nilisimama pale na umande ukiingia kwenye viatu, nikiwa na hakika kwamba ninaona jambo baya likija na sina njia ya kulizuia.

Soko lililofuata mwuza dawa hakuja. Wengine walisema polisi wamemfukuza, wengine kwamba amehamia upande wa Sotik ambako watu wanaumwa zaidi. Mama alikuwa amebakiwa na vidonge vichache, na alivigawa kwa haki kama kawaida yake. Mwenye haki zaidi alibaki mikono mitupu. Baada ya siku kadhaa akaanza kutapika. Akasema ni malaria. Akakataa chakula, akakataa hospitali, akakataa kulala, akabeba kikapu kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu ya jirani na yeye hajawahi kukosa zamu.

Alianguka katikati ya michai. Michai ikichumwa vizuri huwa juu yake ni sawa kama meza, na mtu akianguka chini yake humwoni. Tulichoona ni kikapu, kimelala ubavu juu ya majani. Jirani ndiye aliyefika kwanza. Midomo ya mama ilikuwa mikavu, ngozi baridi, na alinitazama bila kunijua. Wanawake hawakupiga kelele. Walimwaga majani ya siku nzima chini, wakapitisha fito mbili kwenye magunia ya chai, wakamweka juu yake na kumpandisha mpaka barabarani, ambako pikapu ya maziwa ilitubeba.

Hospitali ya misheni tuliyofika ilikuwa na daktari kijana aliyezungumza kwa upole na kuandika haraka. Alipima presha, akakunja uso, akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Mama alifungua macho, akamjibu kwa Kiswahili chake cha Kipsigis, "Taktari, nilikuwa nakula tawa ya mikono tu."

Nikamwambia yote. Daktari akaagiza chupa ya maji ya mshipa na sindano, na mkono wa mama uliposhika joto tena akatuita barazani, mimi na wale wanawake waliokuwa wamejazana pale na magwanda yao ya plastiki ya kuchumia. Akatueleza kwamba mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo, zinazotengeneza dawa ya namna ile ile, kidogo kidogo, kila siku. Ukiuletea mwili dawa nyingi kutoka nje, tezi zinalala. Ukikata dawa ghafla, mwili unabaki mtupu. "Ni kama mtu uliyemlisha mpaka akasahau kulima," alisema, "halafu siku moja unafunga mlango." Kisha akauliza kama kuna mwingine anayezitumia.

Wanawake waliangalia viatu vyao. Nilifungua mdomo niwataje mmoja mmoja, kwa hasira niliyokuwa nayo ningewataja hata wasiohusika. Jirani alinitangulia. Alipiga hatua mbele, akasema, "Mimi." Akafuata wa nyuma yake, na mwingine. Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikiliza watu wakitoa ushuhuda kwa machozi na vigelegele. Ushuhuda wa baraza lile ulikuwa wa neno moja, na niliuamini zaidi.

Mama alipona kifo. Mikono haikupona. Daktari alimwandikia, yeye na wenzake, dawa ile ile kwa kipimo kinachoshuka taratibu, ili tezi ziamke, na kadiri vidonge vilivyopungua ndivyo vidole vilivyorudi kufunga. Mashavu yalishuka. Watu wa njiani wakaanza kuniuliza kwa huzuni kama mama ameanza kuugua. Nilikuwa naishia kuwajibu vibaya.

Likizo ilikuwa inakwisha. Siku moja tukiwa tumekaa jikoni, yeye ameshika kikombe kati ya viganja viwili kwa sababu vidole havikuweza, nikamwambia nimeamua. Sirudi chuoni. Wadogo zangu wamalize shule, mimi nichume.

Aliweka kikombe chini kwanza. Mama hakuwahi kugomba na kitu mkononi.

"Nani amekuambia chai yangu inataka mtu wa chuo kikuu?"

"Nani atachuma?"

"Nimekuuliza mimi. Nani amekuambia?"

Nikasogeza kuni mekoni.

"Miaka yote hii," akasema, "umekuwa ukija hapa unaniambia unajua kitu kinachonikula. Unakijua jina. Umepigana na mimi kwa sababu ya vidonge, na ulikuwa na haki, haya, nimekubali, usinifanye niseme mara mbili. Sasa niambie. Kwa nini dawa ya mikono iende mpaka kwa figo? Huko iliitwa na nani?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kidonge kikimezwa kinaingia kwenye damu, na damu inapita kila mahali, kwa hiyo dawa inanyesha mwili mzima. Mvua haichagui shamba.

"Na wewe unataka inyeshe kwa mikono yangu tu."

"Ndiyo."

"Unataka kumfundisha Mungu kunyesha."

"Kuna watu wanajaribu, Mama."

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa nyumbani, kwa sababu lilionekana kubwa mno kwa jikoni la moshi. Mhadhiri wetu alikuwa ametueleza kwamba huko ng'ambo kuna watafiti wanaotoa chembe nyeupe kwenye damu, wanaziingizia agizo dogo, lile tunaloita jeni, la kutengeneza protini inayotuliza uvimbe, kisha wanazirudisha mwilini. Chembe zile haziulizi njia. Mahali penye uvimbe panaziita, nazo zinakwenda. Zikifika, badala ya kupiga, zinamwaga dawa pale pale, na sehemu nyingine ya mwili haiguswi.

Mama aligeuza viganja vyake juu, akaviangalia.

"Hizo hizo zinazonipiga?"

"Hizo hizo. Zinaijua mikono yako kuliko mimi."

"Na imefanya kazi?"

"Kwa panya."

Alicheka mpaka akakohoa. "Panya wangapi wanachuma chai?" Alifuta macho kwa kifundo cha mkono. Halafu uso ukabadilika, ukawa ule uso niliouona siku alipoyazoa majani mbele ya karani. "Hiyo kazi inafanywa na nani?"

"Na watu waliosoma."

"Basi rudi ukasome. Mimi nitavumilia mikono, wewe utavumilia vitabu, na tutaona nani atachoka kwanza. Lakini sikia, lakwet, mwanangu. Ukiacha, ujue mimi nimeachwa na hii mikono bure."

Mtoto anaweza kushindana na mama mwenye hasira. Na mama mwenye haki, utaanzia wapi?

Shamba letu halikulala. Kikundi hakimfukuzi mtu kwa sababu ya mikono, na zamu ya mama ilibaki pale pale. Mama naye alikataa kuchumiwa bure. Aliwapikia chai na viazi siku za zamu zao, akawalelea watoto, na mchana alikaa kwenye kituo cha kununulia akilinda vikapu vyao kwenye foleni ili wao wamalize kazi nyingine. Karani mpya alipojaribu kupekua majani ya jirani kwa dharau, mama alisimama mbele yake akamwambia achague maneno. Nilisimuliwa, sikuwepo. Nilikuwa Nairobi, nikivumilia.

Kila likizo nilipoingia mlangoni, kabla ya kuniuliza kama nimekula, aliuliza, "Zimefika wapi?" Alikuwa na maana ya chembe. Aliuliza kama mtu anayeulizia lori la kiwanda. Mwanzoni nilitafuta majibu marefu. Baadaye nilijifunza kusema ukweli: "Bado ziko njiani." Naye anasema, "Sawa. Kula."

Nilipomaliza digrii ya kwanza nilipata nafasi kwenye maabara ya magonjwa ya ng'ombe, nje ya Nairobi. Jirani alisikitika. Alidhani nimeshindwa na watu nikashushwa kwa mifugo. Lakini ni ng'ombe waliofungua akili yangu. Kwetu hakuna asiyejua ndigana kali. Kupe anauma, tezi chini ya sikio inavimba, ng'ombe anapumua kwa shida, na usipowahi amekwenda. Nikiwa mtoto nilimwona mama akipapasa chini ya sikio la ndama na kujua kabla ya daktari wa mifugo kujua. Nilichojifunza maabara ni namna kile kijidudu kinavyofanya kazi. Kinaingia ndani ya chembe nyeupe, kinaikamata, kinaiamrisha izaane na izaane, na kusafiri ndani yake mwili mzima.

Nilikaa na jambo hilo juma zima. Kama mdudu asiyekwenda shule anaweza kupanda ndani ya chembe nyeupe na kuiamrisha, dawa itashindwaje? Niliporudi nyumbani nilimwambia mama hivyo hivyo, tumesimama zizini. Alimkuna ndama chini ya sikio kwa kifundo cha mkono, vidole vikiwa vimeshalala upande. "Kwa hiyo adui ametangulia kujua njia," alisema. "Mfuate."

Nikamfuata. Mkuu wangu wa maabara, mtu mkavu asiyependa hadithi, alinikubalia nilifanye kuwa utafiti wangu wa shahada ya pili. Tulianza na safari yenyewe. Tulichota damu ya ndama aliyeugua ndigana, tukatenga chembe nyeupe, tukazitia rangi inayong'aa chini ya hadubini, tukazirudisha kwenye mshipa wa shingo. Kisha tukatafuta kwenye tezi iliyovimba. Zilikuwepo, zinang'aa. Sikupiga kelele, lakini nilitoka nje nikazunguka jengo kabla ya kurudi.

"Zimefika," nilimwambia mama likizo hiyo, kabla hajauliza.

"Na mzigo?"

"Hazikuwa na mzigo. Rangi tu."

"Lori tupu limefika kituoni." Alitikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. "Si haba. Barabara ipo."

Mzigo ndio uliotutesa. Tuliziingizia jeni kwa kuzishtua kwa umeme kidogo ili ngozi yake ifunguke, na nyingi zilikufa. Zilizopona zilitoa protini kidogo, ya kuonekana kwa shida, kisha zikanyamaza. Nilirudia. Nilipunguza umeme, nikaongeza joto, nikabadilisha chakula cha chembe. Zikanyamaza tena. Wenzangu wa darasa walikuwa wameajiriwa na makampuni, wanavaa viatu vizuri. Mkuu wangu aliniambia bila kuniangalia kwamba dunia nzima inakwama pale tulipokwama, na kwamba sio aibu. Nilimwambia sijasema ni aibu. Nimesema narudia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha mama alipokuja Nairobi kuonwa na daktari mkubwa wa viungo. Tulikaa benchi siku nzima, na daktari alipotuona alimpa dawa nyingine, nzuri kidogo, na kumwambia ukweli kwamba vidole vilivyopinda havitanyooka tena. Mama alimshukuru. Nje aliniambia, "Yule anasema ukweli, nimempenda." Halafu akasema anataka kuziona.

"Kuona nini?"

"Hizo zako. Zangu."

Nilimwomba mkuu wangu, nikitarajia anikatalie. Alivaa glavu, akamwalika mama kitini kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimpa mgeni wa serikali, akachota damu mwenyewe. Nikaizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikatua chini na utando mwembamba mweupe ukabaki katikati. Nikauchukua utando ule, nikaweka tone lake moja kwenye kioo chenye joto, nikarekebisha hadubini, nikamshika mama bega ainame.

Kwanza hakuona kitu, kisha akaona kope zake mwenyewe. Halafu akatulia kabisa, na nikajua amezipata. Chembe hai hazikai. Zinajivuta, zinanyoosha upande mmoja na kuvuta mwingine, zinatafuta.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Zinazonipiga."

"Ndiyo, Mama."

Aliangalia muda mrefu. Mikono yake miwili ilikuwa imelala juu ya meza ya maabara, kando ya hadubini, vidole vyote vimeelekea upande mmoja. Nilidhani atazilaani. Angekuwa na haki, na mimi ningemsaidia. Akasema, kwa sauti ile ile anayowasemea vijana wanaokaa barabarani Merigi mchana kutwa, "Hawa si wabaya. Hawana kazi tu." Akainua kichwa, akanielekezea kidevu. "Huyu atawapa."

Mkuu wangu aligeuka dirishani. Nilibaki na kazi ya kumwambia mama jambo nililokuwa nimelibeba tangu kwa daktari wa viungo, na kabla ya hapo, pengine tangu siku za jikoni. Nilimtoa mpaka nje, tukasimama juani, akivaa sweta lake kwa taabu na mimi nikijizuia nisimsaidie kwa sababu hapendi.

"Mama, hii kazi haitawahi mikono yako."

Alipitisha mkono wa pili kwenye sweta.

"Najua."

"Hata ikifanikiwa. Itachukua miaka mingi. Itakuwa mikono ya mtu mwingine. Mtu ambaye hatumjui." Nilikuwa na uchungu, nilitaka iwe ya kwake, sikutaka mtu mwingine yeyote. "Ulivumilia ukidhani ni yako."

Mama alinitazama kama alivyonitazama siku ile shambani, mashavu yakiwa yamejaa, kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

"Chai niliyochuma maisha yangu yote," akasema, "ni mimi niliyeinywa?"

Akafunga kifungo kimoja cha sweta, polepole, kwa viganja. Akaniambia nirudi ndani, kwamba atangoja hapo juani.

Nikarudi ndani, nikavaa koti jeupe.